Turkana kwa Honda XR650R: siku saba za mashine ya mbio kwenye mawe, upepo na mchanga

Honda iliunda XR650R ili ishinde mbio ndefu za jangwani, hasa zile za Baja California, Mexico. Ilitoka mwaka 2000, na mwaka huohuo Johnny Campbell na Tim Staab wakaishindia mbio za Baja 2000, kutoka Ensenada hadi Cabo San Lucas. Uzalishaji ulikoma 2007. Ina silinda moja ya cc 649, vali nne, gia tano, fremu ya aluminiamu inayohifadhi oili ndani yake, na rejeta mbili zisizo na feni. Haina stata, ni kiki tu. Kila kipimo chake kinadhani kwamba pikipiki iko mwendoni na upepo unapita. Njia ya Maralal, Baragoi, South Horr, Loiyangalani na North Horr, kaskazini mwa Kenya, haitoi mwendo huo ila kwa saa chache, na shida karibu zote za safari hii zinaanzia hapo.

Kumbukumbu hizi ni za pikipiki mbili za aina hiyo, msimu wa kiangazi.

Kabla ya kuondoka

Tanki la kiwandani hubeba lita 10. Barabara nzuri inakupa km 16 hadi 18 kwa lita, lakini mchangani hushuka hadi 11 au 12, kwa hiyo lita 10 hazitoshi hata kidogo. Tumefunga matanki ya plastiki ya lita 24. Yakijaa, petroli peke yake ni karibu kilo 18, na zote ziko juu, mbele ya mpandaji. Springi za mbele zilizopimwa kwa tanki dogo huzama kwa uzito huo na usukani unakuwa mzito, basi weka springi ngumu zaidi mbele, na nyuma uongeze mkazo wa springi kabla ya kupakia mzigo.

Upoozaji ndio unaostahili muda mwingi kuliko yote. Toa kulanti (maji ya kupozea injini) ya zamani, suuza mfumo kwa maji safi, jaza mchanganyiko mpya nusu kwa nusu kwa maji yasiyo na chumvi. Angalia mfuniko wa rejeta: mpira wake ukichoka, presha haishiki na maji huchemka mapema. Nyoosha mapezi ya rejeta yaliyolala kwa bisibisi ndogo, pezi moja moja. Vikinga vya rejeta viwe na nafasi pana. Vile vyenye matundu madogo huzuia mawe na upepo pia.

Vilivyopakiwa: tyubu nzito mbili za inchi 21 na moja ya inchi 18. Tyubu ya 21 huingia hata kwenye tairi la nyuma wakati wa shida, ila ya 18 haiendi mbele bila kujikunja. Vijiko vitatu vya tairi, viraka na gundi mpya (gundi iliyokwisha kufunguliwa hukauka kwa joto), pampu ya mkono, kipimo cha upepo, filta za hewa tatu zilizokwisha pakwa mafuta, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, lita mbili za oili, plagi mbili, kebo ya klachi, lever za klachi na breki, viungo vya cheni ya 520, jeti za kabureta, fila geji (kipimo cha nafasi za vali), waya, na gundi ya bluu ya kuzuia nati zisilegee. Bolti ya mkono wa kiki na ile ya pedali ya gia zimefunguliwa, zikasafishwa, zikapakwa gundi hiyo na kukazwa upya. Ile ya kiki ikilegea, meno ya shafti huliwa, na pikipiki isiyo na stata imekwisha.

Siku ya 1: Nairobi hadi Maralal

Lami kupitia Nyahururu na Rumuruti, kama km 350. Matairi ya vipandikizi, yaani yenye meno makubwa ya mpira, hayapendi lami ya moto. Mwendo wa 80 hadi 90 kwa saa unayatosha, upepo psi 24 mbele na nyuma. Ukizidisha hapo, vipandikizi vya katikati vya tairi la nyuma huisha kabla mawe hayajaanza.

Oili inahitaji maelezo, maana wengi huharibu hapa. Injini hii ina sampu kavu: oili inakaa kwenye fremu na kuzungushwa na pampu. Pikipiki ikilala usiku kucha, sehemu ya oili hushuka kwenye injini, na asubuhi kijiti cha kupimia hutoka kikavu. Mtu akiona hivyo anaongeza nusu lita. Injini ikishawaka ile ya chini inarudishwa juu, inazidi kipimo, inatapikwa kwenye boksi la hewa, na filta inalowa oili. Njia sahihi ni kuwasha, kuacha ingurume dakika tatu hadi ipate moto, kuzima, kusubiri dakika mbili au tatu, kisha kusimamisha pikipiki wima na kupima bila kukaza kijiti kwenye uzi wake.

Maralal ni mahali pa mwisho pa kujaza kwenye kituo chenye pampu bila wasiwasi. Kuanzia hapa hadi Marsabit petroli mara nyingi hutoka kwenye mapipa na mitungi.

Siku ya 2: Maralal hadi Baragoi

Kama km 100. Ulizia hali ya usalama kituo cha polisi asubuhi hiyohiyo. Wizi wa mifugo na mapigano katika eneo hili huja na kuondoka, na habari za juma lililopita hazifai. Waendesha bodaboda waliofika usiku kutoka Baragoi ndio wanaojua barabara ilivyo leo.

Kabla ya kupanda, weka boksi la mbao chini ya injini hadi gurudumu la mbele linyanyuke, ufungue skrubu ndogo juu ya kila fork (bomba la shokamzoba ya mbele) hewa itoke, ufunge. Hewa hujikusanya ndani kwa kupigwapigwa na kwa joto, na fork inakuwa ngumu. Ni kazi ya dakika moja kila asubuhi, na viganja vitaona tofauti.

Baada ya Poro njia hupita karibu na ukingo wa Losiolo, ambapo Bonde la Suguta linaonekana lote, halafu mteremko wa mawe unaanza. Silinda moja kubwa hukaba gurudumu la nyuma ukiachia gesi ghafla. Gurudumu linarukaruka, na mpandaji mgeni anakanyaga breki ya nyuma, jambo linaloongeza kuruka. Shika gia ya pili, vuta klachi kidogo kwa kidole kimoja, breki ya mbele iguswe taratibu kabla ya jiwe na iachiwe gurudumu linapolipanda. Kaa wima juu ya vikanyagio, magoti yakibana tanki.

Baragoi tunafanya kazi mbili. Kwanza spoku. Gonga kila moja kwa spana ndogo; iliyokaza hulia, iliyolegea inatoa sauti butu. Kaza robo mzunguko tu, kisha uzungushe gurudumu na kutazama kama rimu inayumba. Ukikaza moja kwa nguvu nyingi, unavuta rimu upande na kuzilegeza za jirani.

Pili, jeti, vile vipande vyenye tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta; namba ikiwa kubwa, petroli ni nyingi. Pikipiki iliyoondolewa vizuizi vya kiwandani kwenye ekzosi na boksi la hewa hutumia jeti kuu ya 175 karibu na usawa wa bahari. Kwenye nyanda za m 2,000, kama Maralal, hewa ni nyepesi na 175 huwa nyingi mno: injini hukohoa gesi ikifunguliwa yote na plagi hutoka nyeusi. Kwa hiyo tulitoka Nairobi na 165. Kesho tunashuka hadi ziwani, chini ya m 400, na 165 itakuwa chache. Injini inayonyimwa petroli hupata moto zaidi, na moto ndio adui wa kesho. Hata hivyo joto kali nalo huipunguza hewa uzito, kwa hiyo haturudi moja kwa moja kwenye 175. Tunaweka 172. Funga koki ya petroli, toa petroli iliyomo kwenye kikombe kupitia skrubu yake ya chini, legeza klampu mbili za mipira, zungusha kabureta upande, fungua kikombe, badilisha. Tandika kitambaa chini. Jeti iliyoanguka kwenye vumbi la Baragoi haionekani tena.

Siku ya 3: Baragoi hadi Loiyangalani

Hii ndiyo siku ngumu. Hadi South Horr ni km 40 hivi, njia ikiingia bondeni kati ya Mlima Nyiro na Ol Doinyo Mara. Kuna miti, kuna kivuli, kuna laga (mito mikavu) zenye mchanga laini. Kurungu ni mahali pa kunywa maji na kupoza injini. Kisha nchi inafunguka, na karibu na Sarima unaanza kuiona mitambo ya Lake Turkana Wind Power: minara 365, jumla ya megawati 310. Mradi huo ulitengeneza barabara ya kilomita zaidi ya 200 kutoka Laisamis, na kipande kinachopita hapa ni kizuri. Kifurahie, hakidumu.

Mitambo ile iko pale kwa sababu upepo wa kusini-mashariki haulali. Na hapa ndipo XR650R inapochemka. Njia inashuka kuelekea kaskazini-magharibi, upepo unakusukuma mgongoni. Ukienda 25 kwa saa juu ya mawe na upepo ukiwa nyuma yako kwa mwendo uleule au zaidi, rejeta hazipati hewa yoyote. Injini inafanya kazi kwa gia ya kwanza, klachi inateleza, na feni hakuna. Dakika kumi tu, chupa ya akiba inaanza kububujika.

Usizime injini ukiwa umeelekea ziwani. Geuza pikipiki itazame upepo, iache ingurume taratibu. Pampu ya maji inaendelea kuzungusha na upepo ule uliokuchemsha sasa unapita kwenye mapezi. Kipimajoto hushuka ndani ya dakika tatu hadi tano. Hapo ndipo uzime. Mfuniko wa rejeta usiguswe hadi bomba la mpira la juu likibonyezwa kwa mkono liwe laini. Baada ya hapo panga mwendo wako: vipande vya mawe viendwe kwa gia ya pili, klachi iachiwe yote, hata kama mwendo unaonekana mkubwa kuliko unavyopenda. Mashine hii hutulia kwenye mawe ikiwa na mwendo kidogo. Gurudumu la mbele linapanda jiwe badala ya kuligonga na kugeuka. Mwendo wa uoga huchosha mikono, huunguza klachi na kuchemsha maji, vyote kwa pamoja.

Mawe yenyewe ni meusi, ya volkeno, yana kingo kali. Upepo wa matairi hapa ni psi 22 hadi 24. Ukishusha kwa ajili ya starehe, rimu inabana tyubu juu ya jiwe na kuikata matobo mawili yanayotazamana. Ikitokea, kazi ni hii. Laza pikipiki upande wa kushoto juu ya begi, koki ya petroli ikiwa imefungwa. Toa gurudumu. Legeza nati ya kishikio cha tairi, kile kinachobana tairi kwenye rimu, na ukisukume ndani, la sivyo ukingo wa tairi hautashuka. Kanyaga kwa kisigino hadi ukingo uachie pande zote mbili. Anza na vijiko upande ulio mkabala na vali, magoti yakikandamiza ukingo wa upande wa pili ukae katikati ya rimu, penye kina. Hiyo ndiyo siri ya kutotumia nguvu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, si vidole, maana mwiba wa mgunga huchana ngozi. Tyubu mpya ipakwe poda, ijazwe pumzi kidogo ishike umbo, ndipo iingizwe. Kijiko cha mwisho ndicho hutoboa tyubu mpya, kwa hiyo kipande cha mwisho cha ukingo kiingizwe kwa kisigino na maji ya sabuni, bila chuma. Nati ya vali usiikaze chini kwenye rimu. Ipandishe ikae chini ya kifuniko. Tyubu ikianza kuteleza utaiona vali imelala, na utaokoa shina lake kabla halijang'oka.

Loiyangalani, jioni. Upepo hupanda zaidi usiku. Pikipiki ziegemezwe ukutani, upande uliokingwa.

Siku ya 4: Loiyangalani, siku ya matengenezo

Hakuna mwendo leo. Maji ya chemchemi za mji yanafaa kujazia rejeta. Maji ya Ziwa Turkana hapana: yana magadi, huacha ukoko ndani ya mirija na kula aluminiamu.

Vali hupimwa injini ikiwa baridi, na Loiyangalani baridi hupatikana alfajiri tu, kwa hiyo kazi ianze kabla ya jua. Toa tanki, plagi na vifuniko vya vali. Zungusha injini hadi alama ya T ilingane na alama ya kwenye gamba, halafu tikisa roka zote (mikono midogo inayosukuma vali) kwa kidole. Zikiwa na mchezo, uko mwisho wa mgandamizo. Zikiwa zimebana, zungusha tena duru moja kamili. Vali za kuingiza: mm 0.15. Za kutolea: mm 0.20. Marekebisho ni skrubu na nati, hakuna vipande vya kubadilisha, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuipendelea mashine hii ya zamani kuliko nyingi za mbio zilizokuja baadaye, ambazo hutaka vibati vya unene maalumu ambavyo hutavipata Marsabit wala Isiolo. Ukimaliza, hakikisha lever ndogo ya kupunguza mgandamizo, ile ya mkono wa kushoto, ina mchezo. Ikibana, vali ya kutolea haifungi sawasawa na itaungua.

Filta ya hewa ibadilishwe leo. Chafu ioshwe kwa mafuta ya taa, kamwe si petroli, maana petroli hulegeza gundi inayounganisha tabaka za sponji. Kisha sabuni na maji, ikaushwe kivulini, ipakwe mafuta ya filta na kukamuliwa bila kusokotwa. Ukingo wake upakwe grisi pale inapokutana na boksi. Tia kidole ndani ya mdomo wa kabureta. Kikitoka na vumbi, filta haikukaa sawa, na pete za pistoni zinaliwa.

Petroli ya mitungi: jaza chupa moja inayoonekana ndani, iache dakika kumi. Maji yatakaa chini. Ukiyaona, acha mtungi wote utulie na utumie ya juu tu, kupitia faneli yenye wavu mwembamba.

Siku ya 5: Loiyangalani hadi North Horr

Mlima Kulal unabaki kulia, mawe yanapungua, mchanga unaanza. Shusha upepo hadi psi 12 au 14 mara tu mawe yanapokwisha, si kabla. Tanki lisijazwe: hesabu km 11 kwa lita, ongeza lita nne za akiba, basi. Kila kilo iliyopungua mbele inasaidia.

Mchangani mashine hii inafanya inachojua. Gia ya tatu, uzito nyuma, macho mbali, gesi isikatwe. Ukikata gesi uzito unakuja mbele, gurudumu la mbele linachimba na usukani unajikunja. Kuyumba kidogo kwa mbele ni kawaida. Acha liyumbe, ongoza kwa vikanyagio.

Ikizimika mchangani, usiishambulie kiki. Sukuma hadi pagumu. Vuta lever ya mgandamizo, piga kiki taratibu mara tano bila kugusa gesi ili petroli iliyozidi itoke, achia lever, tafuta pale kiki inapogoma, ipitishe kidogo tu, irudishe juu, kisha piga hadi mwisho kwa mguu mzima. Gesi isiguswe. Wanaozungusha gesi wakati wa kupiga ndio wanaotoa jasho nusu saa.

Siku ya 6: North Horr, Kalacha, Maikona, Marsabit

Chalbi, jangwa linaloanza baada ya North Horr, ilikuwa ziwa zamani. Sasa ni uwanda wa chumvi na udongo, na ikinyesha hata kidogo haipitiki. Kabla ya kuingia, shuka ukanyage ukoko kwa kisigino. Ukivunjika na chini kukawa na unyevu mweusi, zunguka. Fuata alama za magari za karibuni, na pikipiki zisifuatane karibu: vumbi la aliye mbele ndilo litakaloziba filta ya aliye nyuma.

Hapa hatimaye kuna mwendo. Gia ya tano, rejeta zinapumua, kipimajoto kimetulia. Ndipo jambo jingine linapoanza: injini hii hula oili ikishikiliwa gesi kubwa kwa muda mrefu. Oili yote ni kidogo, kama lita 1.6 hutoka wakati wa kubadilisha, kwa hiyo kupungua kwa robo lita si jambo dogo. Pima Kalacha, pima Maikona, kwa utaratibu uleule wa siku ya kwanza.

Cheni isikazwe kwa kuitazama ikiwa imening'inia. Huwa imebana zaidi pale ambapo sproketi ya mbele, mhimili wa mkono wa nyuma na ekseli vimekaa mstari mmoja; keti mzigo wote ukiwa juu, mwenzako aivute. Ikikosa mchezo hapo, itaharibu beringi ya shafti ya gia. Usiipake mafuta mengi kwenye vumbi hili la magadi. Futa, paka kidogo, futa tena.

Kutoka Maikona kupanda Marsabit barabara ina matuta madogo ya mfululizo yanayotikisa kila kitu. Kila kituo, pitisha mkono: nati za ekzosi kwenye silinda, bolti za fremu ndogo ya nyuma chini ya mzigo, mkono wa kiki, pedali ya gia. Nyufa za fremu ndogo huanza karibu na sehemu zilizochomelewa, rangi ikipasuka kwa mstari mwembamba.

Marsabit, kabla ya chakula, osha pikipiki kwa maji mengi. Chumvi ya Chalbi ikilala usiku kwenye soketi za nyaya na cheni, asubuhi kuna kutu.

Siku ya 7: Marsabit hadi Isiolo

Lami tupu, kama km 260. Matairi psi 24. Ukiendelea Nanyuki rudisha jeti ya 165, maana unapanda tena.

Kazi ya mwisho ni gereji. Oili itolewe kwenye bolti mbili, ya fremu na ya injini, maana ukifungua moja tu nusu ya uchafu inabaki. Na wavu wa oili ulio kwenye fremu utolewe uoshwe. Beringi za magurudumu zizungushwe kwa kidole, zenye mkwaruzo zibadilishwe. Linki za shokamzoba ya nyuma zifunguliwe zote, zisafishwe na kupakwa grisi, hata kama hazilii. Mchanga wa North Horr huingia kupitia sili za vumbi, na sindano za beringi hizo hukwama bila kelele. Zikikwama, shokamzoba inaanza kuvutwa upande na sili yake kuvuja.